Kusafika si Kufichika

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wasomaji, Jumatano moja baada ya sala ya Isha, darasa letu lilipokuwa limefika katika mlango wa maji na tohara, mtu mmoja aliyekaa nyuma kabisa, karibu na viatu, aliinua mkono akauliza. Alisema: "Masheikh zangu, mimi kazi yangu ni katika mtambo wa kusafishia maji ya vyoo. Yale maji yakisha kutengwa na tope lake, yakatoka meupe, je, ni maji kama maji mengine, au ni najisi iliyovaa nguo safi?"

Hatukumjibu. Baadhi yetu walicheka. Aliyeketi ubavuni mwake alikusanya kanzu yake akasogea kidogo. Sote tulimwona, wala hapana aliyesema neno. Mwenye kusomesha akageuza ukurasa. Jumatano mbili zilizofuata mtu yule hakuja darasani.

Makala haya ni jawabu lake. Tumelichelewesha, na kuchelewa huko twakuhesabu katika makosa yetu. Twalileta hapa mbele ya watu wote kwa kuwa dharau aliyofanyiwa ilikuwa mbele ya watu, na haki iliyovunjwa hadharani haitengenezwi kwa minong'ono.

Kwanza twasema: mwenye kucheka na atazame chini ya nyumba yake. Mji wetu umesimama juu ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo yana matundu na nyufa ambazo maji hupita kama yapitavyo katika sifongo. Shimo la choo la nyumba moja na kisima cha nyumba ya pili huwa baina yao ni hatua chache, na yaliyomo katika shimo hushuka, yakatembea chini kwa chini, yakafika yafikapo. Anayevuta maji alfajiri huyaita maji ya kisima, wala hayaiti kwa jina la choo, kwa sababu njia yaliyopita hakuiona. Lakini yule ndugu yetu aliyasema wazi maji yake yatokako, tukayakimbia pamoja na yeye. Basi imetupasa kujiuliza: je, tunachokikimbia ni uchafu, au ni kuambiwa habari zake? Kwani haya ni mambo mawili, na mtu aweza kupita umri wake wote akidhani kuwa anapenda usafi, kumbe anapenda kutojua tu.

Tena wanavyuoni wametufundisha kuwa huwezi kukihukumu kitu kabla ya kukijua kilivyo. Kwa hiyo tutaeleza kwanza kazi ya mtambo huo, kisha tutarudi katika kitabu.

Maji ya vyoo na ya jikoni yakifika mtamboni huondolewa matambara, mchanga na mazito mengine yanayozama upesi. Yakisha kuondolewa hayo, hubaki maji ya kijivu ambayo sehemu kubwa ya uchafu wake imeyeyuka ndani yake. Uchafu ulioyeyuka hauchujiki kwa kitambaa, kama vile sukari iliyokwisha koroga chai haichujiki. Hapa ndipo wanapotumika viumbe wadogo mno, bakteria na wenziwe, ambao jicho tupu haliwaoni. Maji hutiwa katika birika kubwa, yakapulizwa hewa bila ya kusita, na viumbe hao wakipata hewa hula ule uchafu ulioyeyuka. Sehemu ya chakula hicho huichoma kwa ajili ya nguvu zao, ikatoka ikawa hewa ya kaboni, hewa ile ile tuitoayo puani. Sehemu nyingine huigeuza miili yao, wakakua na kuzaana. Basi kilichokuwa kimeyeyuka kimekuwa mwili, na kisichoshikika kimekuwa kitu cha kushikika.

Jambo hili lilipata njia yake mjini Manchester, Uingereza. Wataalamu wawili, Edward Ardern na William Lockett, walisoma habari za majaribio yao mbele ya wenzao tarehe 3 Aprili 1914. Walikuwa wakipuliza hewa ndani ya chupa za maji machafu, na mara ya kwanza ilihitajiwa kiasi cha wiki tano mpaka maji yakasafika kama walivyotaka. Kisha wakaacha maji yatuame, wakayamimina yale meupe ya juu, lakini shapo la chini hawakulitupa. Wakatia maji machafu mapya juu ya shapo lile lile, wakapuliza tena. Kila walipofanya hivyo muda ulipungua, mpaka kazi iliyokuwa ya wiki tano ikamalizika ndani ya saa 24. Wakajua kuwa lile tope la chini, ambalo kila mtu angeliona ni takataka, ndilo lenye kufanya kazi. Likaitwa tope hai, na mpaka leo miji mingi ya dunia husafisha maji yake kwa njia hiyo.

Lakini na tuitazame hali ya maji ndani ya birika la hewa. Uchafu ulioyeyuka umekwisha kuliwa. Hata hivyo maji ni ya rangi ya udongo, mazito, yenye kiasi cha gramu 3 za tope hai katika kila lita. Mtu akiyafungulia hayo yaende baharini, hatakuwa amefanya jambo. Miili ile itakufa huko na kuoza, nayo katika kuoza itakula hewa iliyomo majini, hewa ambayo samaki anaitegemea. Uchafu utakuwa umebadili sura tu, umeingia wenye umbo moja umetoka wenye umbo jingine. Ndiyo maana baada ya birika la hewa lipo birika la pili, na twaona kuwa jawabu la ndugu yetu limo ndani ya birika hilo.

Birika la pili halina mashine kubwa wala kishindo. Mara nyingi ni la duara, lenye kina cha mita tatu mpaka tano. Maji huingia katikati, yakaachwa yatulie. Tope huzama polepole. Maji meupe hupanda polepole, kiasi cha mita moja kwa saa, yakamwagika kupitia ukingoni. Chini kuna mkono wa chuma unaozunguka taratibu na kulikusanya tope. Sehemu kubwa yake hurudishwa katika birika la kwanza likafanye kazi tena, na lile la ziada huondolewa.

Kila mama wa nyumbani ailewa maana ya jambo hili. Nazi iliyokunwa na kutiwa maji ina tui ndani yake, lakini haijawa tui mpaka ipite katika kifumbu na machicha yabaki upande wake. Kukuna ni kazi, na kuchuja ni kazi ya pili, na mwenye kuiacha ya pili hana cha kutia chunguni.

Tena kutenga huko si jambo jepesi. Kanuni ya kuzama kwa vitu vidogo ilielezwa na mtaalamu George Stokes mwaka 1851, na kwa kanuni hiyo bakteria mmoja aliye peke yake, ambaye upana wake ni kama sehemu ya elfu ya milimita, hushuka majini milimita mbili au tatu tu kwa siku nzima. Kuufika chini mwa birika la mita tatu angechukua miaka mitatu au minne. Hapana mtambo unaoweza kungoja hivyo. Lakini bakteria hao hutoa utelezi wenye kunata, wakashikamana kwa maelfu, yakawa mafungu kama mavumbi ya pamba, na fungu la namna hiyo hushuka kwa saa moja masafa ambayo mmoja wao hayamalizi kwa mwaka. Na katika ajabu zake ni kuwa wakiwa wamejaa chakula tele hupenda kutawanyika, kila mmoja akaelea kivyake. Bali chakula kikipungua ndipo wanapokusanyika.

Wapo pia miongoni mwao viumbe wenye umbo la uzi. Wakiwa wachache huwa kama fito katika ukuta wa udongo: fungu hupata mshiko. Wakizidi, kwa kupungua hewa au kwa chakula kisichokuwa na uwiano, nyuzi zao hutoka nje na kuyazuia mafungu yasikaribiane. Tope likavimba, likakataa kutua, likamwagika ukingoni pamoja na maji. Hapo kazi yote ya birika la kwanza hupotea, ingawa ilifanywa vizuri.

Kipimo chake ni hiki. Tume ya kifalme iliyochunguza maji machafu huko Uingereza ilipendekeza mwaka 1912 kuwa vitu vinavyoelea katika maji yanayotolewa visizidi sehemu 30 katika milioni. Kanuni za ubora wa maji zilizotolewa hapa Kenya mwaka 2006 nazo ziliweka miligramu 30 kwa lita, na hesabu hizo ni moja. Maadamu katika birika la hewa kuna gramu 3 kwa lita, maana yake ni kuwa katika kila sehemu 100 za tope, 99 lazima zitengwe, na hiyo ndiyo haki ya chini kabisa.

Sasa turudi katika kitabu.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, maji yaliyotimia kulateni, yaani kulla mbili, ambazo wengi hukadiria kuwa kiasi cha lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila ikigeuka mojawapo ya sifa zake tatu: rangi, ladha au harufu. Na yakigeuka, je, yaweza kurudi? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj kuwa mageuko yakiondoka yenyewe, au kwa kuongezewa maji, basi maji yametoharika. Lakini mageuko yakitoweka kwa kutiwa miski au zafarani, hayakutoharika. Na hata yakitiwa mchanga au chokaa, kauli iliyo dhahiri zaidi ni kuwa hayakutoharika vile vile.

Tulipokuwa wanafunzi tuliyahifadhi maneno haya kama yanavyohifadhiwa, wala hatukuuliza sababu. Swali la yule ndugu yetu ndilo lililotulazimisha kuuliza. Kwa nini zafarani isitohareshe, ilhali rangi na harufu mbaya haziko tena? Jawabu ni kuwa hatuna hakika kama haziko. Zafarani ina rangi yake na miski ina harufu yake, na huenda ubaya ungaliko chini ya uzuri, umefunikwa. Mchanga nao hutibua maji, na katika mtibuko huenda kitu kikasitirika. Basi sheria inatofautisha baina ya kitu kuondoka na kitu kufichika, hata kama pua na jicho haviwezi kutofautisha.

Tukiyapima maji ya mtambo kwa mizani hii, atatokea mtu aseme: "Hao viumbe na hewa na mabirika ni mambo ya kutiwa na binadamu, kwa hiyo hukumu yake ni ya zafarani." Tutamjibu kuwa sivyo. Hewa haiongezi manukato katika maji. Inafanya kwa haraka yale ambayo upepo huyafanya katika mto. Kutuama hakuongezi kitu. Ni kuyapa maji wakati. Na juu ya yote hayo, katika birika la pili najisi haikufunikwa, bali imetolewa, na mwenye kutaka kuiona ataonyeshwa: hili hapa tope, na haya hapa maji. Mwenye kutia zafarani hawezi kukuonyesha uchafu ulipokwenda. Mwenye kutuamisha aweza.

Hii ndiyo kanuni tunayoona kuwa inafaa kushikwa, wala haihusu maji peke yake: alama ya kusafika ni kuweza kuonyesha uchafu umekwenda wapi. Na tuwe wakweli, ndugu zetu. Ni wangapi kati yetu wanaotia zafarani? Mtu amekula kiwanja cha mayatima, kisha akatoa busati la msikiti, na watu wakamsifu, naye akajiona ametakasika. Busati lake ni miski. Harufu ni nzuri, lakini kiwanja kiko wapi? Toba yake haitimii mpaka kiwanja kitolewe katika mali yake na kuwekwa mbele ya wenyewe. Mwingine amesoma, amehudhuria darasa, fikra zake zimebadilika, ajua kuwa riba ni haramu na kusengenya ni haramu, lakini maisha yake yangali yamechanganyika kama yalivyokuwa. Huyu yuko katika birika la kwanza. Uchafu wake umejulikana na umeshikika, lakini haujatengwa, na akiridhika hapo hatakuwa amepata ila maji mazito ya rangi ya udongo.

Lakini hatuna haki ya kukomea hapa, kwani ipo hoja ya pili iliyo nzito kuliko ya kwanza. Atasema mtu: "Sifa tatu zimeondoka, nimekubali. Je, maradhi? Na je, moyo unaokinai?"

Kuhusu maradhi, twasema kuwa tohara ni mizani moja na dhara ni mizani nyingine. Bahari hii iliyo mbele yetu ni tohara na yatoharisha, wala hainyweki. Vivyo hivyo maji yanayotoka katika birika la kutuamia yaweza kuwa meupe machoni, ilhali yamo ndani yake vijidudu vya maradhi ambavyo havikuzama pamoja na tope. Weupe si siha. Lazima yapitishwe katika mchanga au katika utando wenye matundu madogo kuliko bakteria, na yauliwe vijidudu kwa klorini au kwa miale, kabla ya mtu kuyakaribia kwa kinywa chake. Mji wa Windhoek, nchini Namibia, ulioko katika ardhi kavu, tangu mwaka 1968 umekuwa ukirudisha maji yake yaliyotumika katika mifereji ya kunywa. Lakini kutuama kwao ni hatua ya njiani tu, na zinafuata hatua nyingi za kuchuja na kupima.

Wanavyuoni wa zama zetu wamelitazama jambo hili. Baraza la Wanavyuoni Wakubwa la Saudi Arabia liliamua mwaka 1398 Hijria, yaani 1978, kuwa maji hayo yakisafishwa mpaka yasibaki mageuko ya ladha wala rangi wala harufu, yametoharika, na yafaa kwa udhu na kwa kuondolea najisi. Liliruhusu hata kuyanywa maadamu hayadhuru siha, lakini likaona ni bora kuyaepuka katika kunywa pakipatikana mengine, kwa ihtiyati ya afya na kwa kuwa nafsi huyachukia. Baraza la Fiqhi la Makka nalo mwaka 1989 liliwauliza wataalamu kwanza, likaelezwa kuwa kazi hiyo ina hatua nne: kutuamisha, kutia hewa, kuua vijidudu, na kutia klorini, kisha likaamua kuwa maji yasiyobaki na athari ya najisi yametoharika. Alikuwako miongoni mwao aliyepinga, akaona kuwa dhara na kinyaa havijaondoka. Hatumlaumu. Hoja yake ni hoja ya mtu anayewachelea watu.

Kuhusu moyo unaokinai, twasema kuwa moyo una haki yake, lakini si kadhi. Mtu asiyetaka kuyanywa maji hayo asilazimishwe, wala asionekane ni mpumbavu. Lakini kinyaa chake kisigeuzwe kikawa hukumu juu ya maji, na zaidi ya hapo kisigeuzwe hukumu juu ya watu.

Basi jawabu letu kwa aliyeuliza ni hili. Maji mengi yaliyotengwa na tope lake sawasawa, na sifa zake tatu zikarudi kama za maji mengine, ni maji, na kauli ya mabaraza hayo twaikubali: bustani yanyweshwe, vyoo vioshwe, na atakayetawadha kwayo udhu wake umesihi. Kuyanywa ni jambo la waganga na wapimaji kwanza, kabla ya kuwa letu. Lakini maji ambayo yangali na rangi au harufu, na mengi yanayotoka katika kutuama peke yake ni hivyo, hayo hayajafika, na hukumu yake ni ya mwanzo mpaka kazi itimizwe. Jina la mtambo halitoharishi. Kinachotoharisha ni kazi.

Limebaki shapo lenyewe. Wale viumbe huzaana, kwa hiyo kila siku lipo tope la ziada la kuondolewa. Wenye ihtiyati hulifungia katika mabirika yasiyo na hewa, likachacha na kutoa hewa ya kuwakia moto. Kisha hulianika mpaka likauke, na likikaguliwa kuwa halina mayai ya minyoo wala sumu za viwandani, hutiwa shambani. Katika madhehebu yetu najisi ya dhati haitohariki kwa kugeuka tu, ila katika mambo machache kama mvinyo uliojigeuza siki. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wamelifungua zaidi jambo hilo. Hatutalipitisha leo. Lakini lipo tusilolitilia shaka: mtu akiyatakasa maji kisha akalimwaga tope usiku katika mkono wa bahari ambako wavuvi wanatupa nyavu zao, hakutakasa kitu. Amehamisha. Sheria yetu haikubali mtu ajiondolee dhara kwa kumpelekea mwenziwe. Ndiyo maana tulisema tangu mwanzo kuwa swali si weupe wa maji, swali ni uchafu umekwenda wapi, na kwa nani.

Tulipofikia hapa, watu watatu miongoni mwetu tulikwenda nyumbani kwa yule ndugu, Jumamosi baada ya Alasiri. Alitukaribisha barazani, akaleta kahawa na haluwa, asiulize kilichotuleta. Tukamwomba radhi, kisha tukamwambia jawabu kama tulivyoliandika hapa. Alisikiliza. Akasema: "Masheikh zangu, nawashukuru. Mimi nilitaka kujua kwa kuwa nguo zangu hurukiwa na maji yale, na nasali nazo."

Tukamwuliza kazi yake huwa vipi. Akasema: "Kila asubuhi nachota maji ya birika la hewa katika gilasi ndefu ya lita moja, naiweka mezani, natazama saa. Nusu saa. Naangalia tope limeshuka mpaka wapi, naandika katika daftari. Likishuka vizuri naandika limeshuka. Likikataa naandika limekataa, ili wenzangu wajue hewa imepungua au tope limezidi."

Mmoja wetu akamwuliza: "Na usipoandika kweli?"

Akasema: "Maji yatapita vile vile, sheikh wangu. Hapana atakayejua ila Mola wangu, na mimi, na samaki."

Tukanyamaza. Sisi tumesoma mlango wa maji miaka mingi, na hatujapata kufikiri kuwa tohara ya maji ya mji mzima yaweza kusimama juu ya ukweli wa mtu mmoja mbele ya gilasi, asubuhi, hapana anayemtazama. Huyo ndiye tuliyemkusanyia kanzu.

Tulipokuwa tukiaga, alituambia neno moja zaidi, kwa upole, akitazama chini: "Mimi nilikuwa nikioga kabla ya kuja darasani." Hakuongeza, nasi hatukuwa na la kujibu.

Darasa letu ni kila Jumatano baada ya Isha. Mlango wa maji haujamalizika, na twataka asaidie kuusomesha. Nafasi yake iko, wala si karibu na viatu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuondolee yaliyomo nyoyoni mwetu kwa kuondoka, si kwa kufichika. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.